Picha ya pafu lililo kwenye ventileta ikikuchanganya, anzia hapa

Nguruwe alikuwa mezani kwa CT, mashine ya eksirei inayopiga kifua kipande kwa kipande, mara ya pili asubuhi ile. Picha ya kwanza ilionyesha mapafu ya kawaida kwa mnyama aliyelazwa chali: meusi upande wa mbele, na wingu jepesi upande wa mgongoni. Dakika 20 baadaye upande wote wa mgongoni ulikuwa mweupe, kana kwamba theluthi ya pafu imezama majini. Ventileta ilikuwa ileile, ujazo wa pumzi uleule, PEEP, yaani shinikizo linalobaki pafuni pumzi ikishatoka, ileile ya sentimita 10 za maji. Tukaandika kwenye daftari kwamba jeraha limeanza kusambaa. Tuliandika upuuzi, na nitamrudia nguruwe huyo punde.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayetumia picha kufuatilia jeraha linaloweza kuletwa na mashine ya kupumulia: mtafiti wa wanyama, daktari wa wagonjwa mahututi, mtaalamu wa mionzi, au mwanafunzi aliyekabidhiwa mafaili mia tatu akaambiwa alete namba. Nimeupanga kwa dalili, yaani kile unachokiona kwenye skrini, kisha kile kinachoweza kuwa nyuma yake.

Kuna jambo moja la kutangulia. Hakuna kifaa hata kimoja kinachopiga picha jeraha lenyewe. CT hupima densiti. EIT, ule mshipi wa elektrodi unaofungwa kifuani, hupima jinsi umeme unavyopita kwa ugumu au wepesi pumzi inapoingia na kutoka. Ultrasaundi husikiliza mwangwi. PET huonyesha mahali sukari inapoliwa kwa wingi. Jeraha ni ukuta wa kifuko cha hewa uliovutwa hadi ukachanika, au mishipa midogo inayovuja, na wewe unalikisia kutokana na alama hizo. Mwaka 1974 Webb na Tierney waliwapumulisha panya kwa shinikizo la sentimita 45 za maji bila PEEP, na mapafu yao yakajaa maji ndani ya saa moja. Waliopata shinikizo hilohilo lakini wakaachiwa PEEP ya 10 walinusurika na mafuriko hayo. Mwaka 1988 Dreyfuss na wenzake wakawafunga panya kifua kisitanuke, wakatumia shinikizo kubwa vilevile, na maji hayakujaa. Kinachoumiza basi ni kutanuka kupita kiasi, pamoja na kufunguka na kufunga kwa vifuko pumzi baada ya pumzi. Yote mawili ni matukio yanayotembea, ilhali picha imesimama.

Kwa hiyo kila picha iandikwe mambo manne kabla hujafungua programu yoyote: shinikizo lilikuwa kiasi gani, pumzi ilikuwa imeingia au imetoka, mlalo ulikuwa chali au kifudifudi, na nini kilitokea katika dakika 10 zilizotangulia. Picha isiyo na hayo manne ni mbuzi kwenye gunia.

Pafu limenywea ghafla ingawa hukubadilisha chochote

Acha picha kwanza, ufungue rekodi ya shinikizo ya ventileta. Ya kwetu ilionyesha mstari umeshuka hadi sifuri kwa sekunde kadhaa. Mwenzetu alikuwa amemhamisha nguruwe kutoka ventileta ya chumbani kwenda ile ya safari, akachomoa mrija bila kuubana. Pafu lililolowa maji hunywea ndani ya sekunde hizo hizo. Ukirudisha PEEP ya 10 halirudi lilivyokuwa, kwa sababu shinikizo la kukifungua kifuko kilichojifunga ni kubwa kuliko la kukishikilia kikiwa wazi. PEEP moja hukupa picha mbili tofauti kabisa kutegemea umeifikia ukitokea juu au ukitokea chini.

Marekebisho ni kibanio. Bana mrija wa hewa ukiwa bado na shinikizo ndani, hamisha, unganisha, hakikisha ventileta mpya imeanza, ndipo uachie. Kama umeshachelewa, usipige picha ya kujifariji. Katika utafiti wa wanyama, lipitishe pafu kwenye hatua zilezile za kulifungua kabla ya kila picha, kisha subiri dakika zilezile, ili historia ya pafu ilingane hata kama siku hazilingani. Kwa binadamu usilichukulie jambo hilo kama marekebisho ya picha tu: jaribio la ART lililochapishwa mwaka 2017 lilikuta vifo vya siku 28 kuwa asilimia 55.3 kwa waliofunguliwa mapafu kwa shinikizo kubwa, dhidi ya 49.3 kwa wengine.

Ikiwa rekodi ya shinikizo ni safi, uliza kama makohozi yalifyonzwa kabla ya picha, maana mashine ya kufyonza haichagui kati ya kohozi na hewa. Uliza oksijeni. Mgonjwa aliyepewa oksijeni asilimia 100 kwa ajili ya safari hana naitrojeni ya kubaki kwenye vifuko. Njia ndogo ya hewa ikijifunga, damu huinyonya oksijeni yote iliyo nyuma yake na kifuko kinanywea bila ventileta kuwa na kosa lolote. Halafu tazama ncha ya mrija. Inatakiwa iwe kama sentimita 3 hadi 5 juu ya pale trakea, koo kuu la hewa, inapogawanyika. Ikiteleza ikaingia upande wa kulia, pafu la kushoto litakuwa jeupe lote, na nimeshaona jedwali zima la takwimu likijengwa juu ya pafu la namna hiyo.

Umeongeza PEEP na picha imependeza

Hii ndiyo dalili inayowafurahisha watu mapema, hasa kwenye eksirei. Wingu limepungua, mbavu zinaonekana vizuri, kila mtu anatabasamu.

Chukua pafu lenye mililita 1,200 za gesi na gramu 1,000 za tishu, tukihesabu gramu moja ya tishu kuwa mililita moja. Ujazo wote ni 2,200. Katika vipimo vya Hounsfield hewa ni −1000 na maji ni 0, kwa hiyo densiti ya wastani hapa ni karibu −545. Ongeza mililita 800 za gesi kwa PEEP. Sasa gesi ni 2,000 katika ujazo wa 3,000, na wastani umeshuka hadi −667. Picha imekuwa nyeusi zaidi, lakini tishu ni gramu 1,000 zilezile, maji yaliyovuja ni yaleyale. Umeyapunguzia ukali kwa hewa, kama chai iliyoongezwa maji. Na hizo mililita 800 huenda hazikufungua kifuko kimoja kilichonywea. Huenda zote zimeingia mbele, kwenye sehemu iliyokuwa wazi tangu awali, zikaitanua.

Kwa eksirei peke yake hutaweza kutenganisha hayo mawili. Linganisha picha zilizopigwa kwa PEEP moja, na kama PEEP imebadilika, iandike juu ya picha kwa herufi kubwa. Kwa CT, acha wastani na uhesabu uzito wa tishu na mgawanyo wake. Mgawanyo uliozoeleka ni huu: −1000 hadi −901 ni sehemu iliyojaa hewa kupita kiasi, −900 hadi −501 ina hewa ya kawaida, −500 hadi −101 ina hewa haba, na −100 hadi +100 haina hewa. PEEP ikiwa imefungua pafu kweli, gramu zitahama kutoka kundi la mwisho. Zisipohama, tabasamu lile halina msingi.

Pafu linazidi kuharibika, namba zinazidi kuwa nzuri

Hapa kosa karibu kila mara liko kwenye kuchora mipaka ya pafu. Programu nyingi zinatafuta pafu kwa kuangalia weusi. Pafu lililojaa maji au kunywea kabisa lina densiti ileile ya misuli iliyo kando yake, hivyo programu inaliona kama ukuta wa kifua na kuliacha nje. Kadiri jeraha linavyokua ndivyo sehemu mbovu inavyokatwa na kutupwa, na kilichobaki ni pafu dogo lenye afya. Katika miaka ya 1980 Gattinoni na wenzake, wakitumia CT, walitambua kwamba pafu la mgonjwa wa ARDS, ule ugonjwa mkali wa ghafla wa mapafu kujaa maji na kushindwa kupitisha oksijeni, si gumu lote. Ni dogo, sehemu inayopokea hewa inalingana na pafu la mtoto, na wakaliita hivyo. Programu ya kizembe inakuonyesha lile pafu la mtoto peke yake na kukuambia mgonjwa ni mzima.

Kuna kipimo kizuri cha kulinasa kosa hili nacho hakigharimu kitu. Chukua picha mbili za pafu lilelile zilizopigwa kwa shinikizo mbili tofauti ndani ya dakika chache, ukokotoe uzito wa tishu katika kila moja. Zinapaswa kukaribiana sana, maana shinikizo linaweza kusukuma damu kidogo nje ya kifua lakini halifuti nusu kilo ya tishu. Ukiona gramu 900 kwa shinikizo la juu na 600 kwa la chini, pafu halijapungua uzito: mpaka wako umekula gramu 300 za sehemu iliyonywea. Mimi sisomi matokeo ya mtu kabla ya kuuliza uzito huu.

Rudi uchore upya, kwa mkono ikibidi, ukifuata upande wa ndani wa mbavu. Maji yaliyokaa kati ya pafu na ubavu yaondoe, maana si pafu, na kwenye picha isiyo na dawa ya rangi yanafanana nalo mno. Matawi makubwa ya hewa pia yatolewe nje. Modeli za kisasa za kujifunza kwa mashine hufanya vizuri zaidi ikiwa zilifundishwa kwa mapafu yaliyojeruhiwa. Zilizofundishwa kwa mapafu ya watu wenye afya zinarudia kosa lilelile kwa kujiamini zaidi.

Ventileta inalalamika kuwa pafu limetanuka mno, CT inakataa

Shinikizo la juu limepanda, wepesi wa pafu kutanuka umeshuka, lakini kundi la −901 kushuka chini ni asilimia mbili tu. Au kinyume chake: kila mahali panaonekana pamevimba.

Anza na mambo ya mashine. Pima densiti ya hewa ndani ya trakea, inatakiwa iwe karibu −1000. Pima damu kwenye aota, inatakiwa iwe makumi machache juu ya sifuri. Zikiwa zimehama, vizingiti vyako vyote vimehama nazo. Kisha tazama unene wa vipande. Kipande kinene huchanganya kifuko kilichovimba na jirani yake aliyelowa, wastani wao ukatua katikati, na uvimbe ukapotea. Kipande chembamba chenye mionzi kidogo kina chembechembe nyingi za kelele, ambazo husukuma vokseli kadhaa, yaani vile vijichembe vinavyounda picha, ng'ambo ya −900 bila sababu. Kichujio kikali cha kuunda picha, kile kinachowapendeza wasomaji wa picha za mapafu kwa sababu kinanoa kingo, kinafanya hivyohivyo. Kwa kupima tumia kichujio laini, na kisibadilishwe kutoka picha moja hadi nyingine.

Mashine ikiwa safi, tatizo ni la swali. Kizingiti cha −900 kinakueleza uwiano wa gesi na tishu. Hakikuelezi ukuta umevutwa kiasi gani. Ukuta uliovimba kwa maji ni mzito. Kifuko chenye ukuta huo kinaweza kuvutwa hadi kinakaribia kupasuka huku vokseli yake ikisoma −750 na kuitwa ya kawaida. Mgonjwa mwenye emfizema, ambaye kuta za vifuko vyake zimeshaharibiwa na ugonjwa, naye husoma −950 akiwa ametulia, ventileta haijamgusa. Kwa hiyo usilitegemee kundi hilo peke yake, ingawa halifai kutupwa: mwaka 2007 Terragni na wenzake waliwapiga CT wagonjwa 30 wa ARDS waliokuwa wakipumulishwa kwa mililita 6 kwa kilo, na 10 kati yao walionekana wakivimba kupita kiasi katika kila pumzi. Ile 6, inayohesabiwa kwa uzito unaokadiriwa kutokana na urefu, ndiyo iliyopunguza vifo hadi asilimia 31.0 kutoka 39.8 ya waliopewa 12 katika jaribio kubwa la mwaka 2000. Ni kiwango kizuri, lakini pafu likibaki dogo sana hata hicho ni kingi.

Unachokitaka hasa ni badiliko la ujazo ukilinganisha na ujazo wa mwanzo. Piga picha mbili, mwisho wa pumzi kutoka na mwisho wa pumzi kuingia, kisha ziunganishe kwa programu inayofuata kila sehemu ya pafu ilikohamia. Kwa nguruwe wenye mapafu mazima, kazi iliyochapishwa mwaka 2011 ilionyesha kwamba madhara makubwa huanza pale ongezeko linapofikia kati ya mara 1.5 na 2 ya ujazo wa pafu likiwa limetulia. Hiyo ni kwa pafu zima. Ndani ya pafu lenye mabaka, sehemu iliyo mpakani mwa wazi na iliyonywea hubeba zaidi: Mead na wenzake mwaka 1970 walikokotoa kwamba shinikizo la 30 linaweza kuwa sawa na 140 kwenye mpaka huo.

Programu ya kuunganisha picha nayo ina maradhi yake. Kifuko kilichokuwa kimefungwa kikifunguka, hakina alama ya kukifuata kutoka picha ya kwanza, na programu inabuni. Ukiona sehemu ya mgongoni inadaiwa kutanuka mara tano, hapo pamefunguka pafu jipya, hapajavutwa. Weka alama sehemu zisizo na hewa kwenye picha ya kwanza na uzihesabu kando.

Michirizi, au kiwambo (msuli unaotenga kifua na tumbo) chenye kingo mbili

Pumzi haikushikiliwa. Kitufe cha kusitisha pumzi kilibonyezwa mapema mno, au mgonjwa alivuta mwenyewe, au mrija unavuja na shinikizo likashuka kabla mashine haijamaliza kupita. Rekodi ya shinikizo itakuambia. Nyaya za moyo na vyuma vingine vinavyoweza kuondolewa kwa usalama viondolewe. Kingo zilizotetemeka kando ya moyo ni za moyo wenyewe na hutazizuia, ila usipime hapo. Kwa panya, anayepumua makumi ya mara kwa dakika, picha ifungwe kwenye mdundo wa ventileta, la sivyo unapata wastani wa pumzi nyingi, kila kiwambo ukungu.

EIT: mstari unapanda au kushuka peke yake

EIT ina sifa ambayo CT haina: iko kitandani, haina mionzi, inatoa hadi picha 50 kwa sekunde. Bei yake ni kwamba picha ni ya ukungu na inaonyesha mabadiliko tu. Kisichobadilika hakionekani, kiwe mfupa, maji au pafu lililokufa ganzi.

Mstari wa msingi ukipanda, watu husoma kwamba ujazo wa mwisho wa pumzi umeongezeka. Huenda ni kweli. Lakini kabla ya hapo tazama dripu: maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri na huushusha mstari bila pafu kubadilika. Tazama godoro: lile la hewa linalojaa na kutoa kwa zamu huuchezesha mstari kwa mdundo wake, na ukilizima dakika chache utaona mawimbi yakitoweka. Tazama elektrodi zilizokauka. Na kama mstari umepanda upande mmoja ghafla huku pumzi upande huo ikipungua, simama. Hewa inaweza kuwa imevuja nje ya pafu. Hapo kazi si ya kurekebisha picha tena, ita msaada.

Mshipi ukikaa chini mno, kiwambo huingia kwenye kipande kinachoonwa, na utaona upande wa chini wa picha ukipumua kinyumenyume. Nafasi ya nne au ya tano kati ya mbavu ndiyo inayofaa kwa walio wengi. Chora alama kwenye ngozi. Mshipi uliovuliwa na kurudishwa sentimita tatu chini unakupa pafu jingine, na hakuna hesabu itakayokusaidia baadaye. Mgonjwa mwenye kifaa cha umeme moyoni asifungwe mshipi huu.

Eneo lililo kimya ndilo linalohitaji fikra. Linaweza kuwa pafu lililonywea, au pafu lililojaa hadi halina nafasi ya kupokea zaidi, au maji, au hewa iliyovuja. Yote manne yanatoa giza lilelile. Njia ya kuyatenganisha ni kupanda na kushuka kwa ngazi za PEEP. Eneo la mgongoni linaloamka PEEP inapoongezwa lilikuwa limenywea. Eneo la mbele linaloamka PEEP inapopunguzwa lilikuwa limejaa kupita kiasi. Lisiloamka kwa namna yoyote lipelekewe ultrasaundi.

Halafu kuna dalili ambayo wengi huidhani hitilafu: mwanzo wa pumzi sehemu ya mgongoni inajaa huku ya mbele ikipungua, ilhali ventileta bado haijaingiza cha maana. Mashine ni nzima. Mgonjwa anavuta kwa nguvu zake, kiwambo kinaivuta sehemu ya nyuma, na hewa inahama kutoka mbele kwenda nyuma ndani ya pafu lenyewe. Yoshida na wenzake walilionyesha hili kwa EIT mwaka 2013. Ujazo wa pumzi kwenye skrini ya ventileta unasoma vizuri kabisa, huku kipande cha nyuma kikivutwa kuliko ambavyo ujazo huo ungeruhusu. Sijui kifaa kingine cha kitandani kinacholionyesha jambo hilo kwa uwazi huo.

Ultrasaundi inasema hali ni njema

Haiwezi kukuambia vinginevyo. Pafu lenye hewa ya kawaida na pafu lililojaa kupita kiasi yote yanatoa mistari ileile ya mlalo, kwa sababu sauti hugonga hewa na kurudi. Alama ya maeneo 12, kila moja 0 hadi 3, jumla 36, ni nzuri kwa kufuatilia pafu linalopoteza hewa au kuirudisha. Ikishuka kutoka 24 hadi 14 baada ya PEEP, umejua kwamba hewa imeingia palipokuwa haba. Hujajua imefanya nini palipokuwa pazuri. Usitumie ultrasaundi peke yake kuchagua PEEP.

Mistari ya wima, ile mikia ya mwanga inayoshuka kutoka kwenye utando wa pafu, ikipotea wakati mgonjwa ni yuleyule, kagua mipangilio: vichujio vya kulainisha picha huifuta. Vizime, weka kina kilekile na mwelekeo uleule. Utando usipoteleza, usiruke kusema hewa imevuja: mrija ulioingia upande mmoja, pumzi iliyositishwa, au pafu lililogandamana na ubavu hufanya vivyo hivyo. Kama chini ya ngozi kuna hewa, kifaa hakina la kukuambia hapo.

PET inawaka mahali ambapo CT ni safi

Usiiite kosa. Bellani na wenzake mwaka 2009 walikuta kwamba mapafu ya wagonjwa wa ARDS yanaweza kula sukari yenye mionzi kwa wingi hata katika sehemu zenye hewa ya kawaida. Nyutrofili, zile seli nyeupe zinazokimbilia jeraha, zina njaa ya sukari, na hazingoji sehemu iwe nyeupe kwenye CT. Huenda ndilo jambo la thamani kuliko yote ambalo PET imetuonyesha katika uwanja huu.

Makosa ya kweli yako kwingine. Vokseli ya pafu imejaa hewa, kwa hiyo mng'ao hafifu kwa kila mililita unaweza kuwa mkali sana kwa kila gramu ya tishu, na sehemu iliyonywea huonekana inawaka kwa sababu tu tishu yake imebanana. Gawanya kwa kiasi cha tishu, uondoe na mchango wa damu. Pia PET hukusanya kwa dakika nyingi mgonjwa akipumua, wakati CT inayotumika kuirekebisha imepigwa kwa sekunde chache. Ikiwa CT ilipigwa pumzi imejaa, eneo la juu ya kiwambo litasoma uongo. Ipige kwenye pumzi ya katikati. Na panga muda: florini 18, inayoipa sukari hiyo mionzi yake, hubaki nusu kila dakika 110, lakini mgonjwa mahututi hangoji ratiba ya mtu.

CT inasema pafu limefunguka, EIT inasema halijafunguka

Vyote viwili vinaweza kuwa sawa. EIT inaona kipande cha kifua chenye sentimita kadhaa juu na chini ya mshipi, na PEEP ikiongezwa kiwambo hushuka, kwa hiyo pafu lililo mbele ya mshipi si lilelile la mwanzo. CT inaona lote. Zaidi ya hapo, kufunguka si kupumua: sehemu inaweza kuwa na hewa ndani yake na isipokee pumzi mpya hata kidogo.

Angalia pia maana mnayoipa "kufunguka". Wapo wanaohesabu gramu zilizotoka kwenye kundi lisilo na hewa. Wapo wanaohesabu gesi iliyoingia kwenye kundi lisilo na hewa pamoja na lenye hewa haba. Njia ya pili hutoa namba kubwa zaidi, na pafu moja, picha moja, likapata majibu mawili. Andika uliyotumia katika sentensi ya kwanza ya mbinu zako, si kwenye kiambatisho. Ukilinganisha na kazi za wanyama, tazama pia jeraha lilivyotengenezwa: pafu lililooshwa kwa maji ya chumvi, mbinu ya Lachmann ya mwaka 1980, limepoteza safakta, ule utelezi unaozuia vifuko visijifunge, lakini kuta zake mwanzoni bado ni nzima, hivyo hufunguka kwa urahisi ambao pafu la nimonia halina. Ukiwa na wanyama wa aina hiyo na PEEP ya 10 ikaonekana inatenda miujiza, jaribu kumhamisha mmoja bila kibanio, umpige picha tena.